Wimbo Shuleni na Vyombo Vyake

Watoto wa shule husimama asubuhi mbele ya bendera wakaimba wimbo wa Taifa. Wachache wajua ya kuwa sauti ya wimbo ule ilitungwa na mwalimu wa shule ya misheni katika mwaka 1897. Jina lake Enoch Sontonga, Mxhosa wa Afrika ya Kusini, aliyefundisha watoto karibu na Johannesburg. Aliandika sauti zake kwa herufi za solfa, zile zile ambazo wazee wetu wa kwaya wangali wakiziandika kwa kalamu ya risasi kwenye madaftari. Katika mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba wimbo huo mjini London mbele ya mashine ya kunasa sauti, ukatiwa katika santuri. Na mwaka 1961 Tanganyika ikaupokea uwe wake, kwa maneno ya Kiswahili. Basi wimbo mmoja wa mwalimu mmoja ulipita katika kinywa, katika karatasi na katika mashine, kabla ya kufika katika uwanja wa shule yetu.

Tumeanza na habari hii kwa kuwa wazazi wengine wametuuliza, kazi ya nyimbo shuleni ni nini? Na wengine, waliopita karibu na dirisha wakaona simu na spika juu ya meza yetu, wameuliza kwa ukali zaidi: Je, mwalimu apewa mshahara ili awachezee watoto muziki wa simu? Swali hili ni la haki, wala hatukuchukizwa nalo. Lakini hatuwezi kulijibu pasipo kurudi nyuma, maana simu si chombo cha kwanza kuingia darasani kwa ajili ya wimbo. Na kila kilichoitangulia kililetwa kwa sifa nyingi, kikasaidia jambo moja, kikaharibu jingine.

Hapo kale, kabla ya shule, mtoto wa Kibende au wa Kipimbwe au wa Kikonongo hakufundishwa wimbo. Alikaa mgongoni mwa mamaye, naye mama akitwanga au akicheza, na mapigo yakamwingia mifupani kabla ya kujua kusema. Alipoweza kusimama alikaa ukingoni mwa ngoma akapiga makofi. Mwimbishaji alitoa neno, watu wakaitikia, na mtoto akaitikia pamoja nao, akikosea bila kuchekwa, kwa sababu sauti za wakubwa zilimfunika. Twaomba msomaji alishike jambo hili: wimbo wenyewe ulikuwa umeacha nafasi, na nafasi ile ilikuwa ya yeyote aliyesimama pale, hata mtoto wa miaka mitatu. Mwimbishaji asiyeitikiwa hunyamaza.

Katika mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga boma Karema, kando ya ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 boma lile likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Ndipo shule zilipoanza katika nchi hii ambayo tangu 2012 yaitwa Mkoa wa Katavi. Tusidhani ya kuwa mapadre walikuja na vinanda vingi. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, ukafika Ujiji Januari 1879, zaidi ya miezi saba baadaye. Na kila kitu kilikuja juu ya kichwa cha mpagazi. Reli haikufika Kigoma hata mwaka 1914. Mzigo wa kitambaa cha kununulia chakula ulikuwa na faida kuliko kinanda, ambacho kikinyeshewa njiani hutoa mlio wa mbuzi mgonjwa. Kwa hiyo chombo cha wimbo katika misheni za bara kilikuwa kwanza koo la padre na koo la katekista.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za Kilatini. Tena tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio wa Kumi alitoa amri juu ya muziki wa kanisa, akiutukuza wimbo wa Gregori na kukataza kanisani piano, ngoma na vyombo vingine vya kelele. Amri ile ilitazama zaidi makanisa ya Ulaya, ambako nyimbo za michezo ya kuigiza zilikuwa zimeingia hata altareni. Lakini neno ngoma, likisomwa katika Afrika, lilikuwa zito kuliko lilivyosomwa Roma. Ngoma ikakaa nje. Na kwa kuwa shule na kanisa vilikuwa nyumba moja, ikakaa nje ya shule pia. Hivyo mtoto akawa na muziki wa aina mbili: mmoja wa darasani, ambao aliuimba amesimama wima, mikono imenyooka, na mmoja wa nyumbani, ambao aliuimba kwa mwili wote. Wazee wetu hawakuona ajabu. Mtu huvaa nguo moja kwenda shambani na nyingine kwenda kanisani. Walakini sisi twaona ya kuwa Litania ilipendwa upesi kuliko nyimbo nyingine za Kilatini, wala sababu yake haikufichika: mmoja hutaja, wote huitikia. Hata mtu asiyejua neno la Kilatini aliijua nafasi yake.

Waprotestanti walileta chombo kingine, nacho ni solfa. Asili yake ni mwanamke mwalimu wa Norwich katika Uingereza, Sarah Glover, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1835. Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili waliokutana mjini Hull walimwagiza mchungaji John Curwen atafute njia rahisi kuliko zote ya kuwafundisha watu kuimba. Curwen akaichukua kazi ya yule mama, akaitengeneza, ikaenea duniani. Badala ya mistari mitano na vichwa vyeusi vya noti, mtu huandika d, r, m, f, s, l, t. Tena kuna ishara za mkono: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole kinachoelekea juu ni ti. Mwalimu asiye na kinanda husimama mbele ya watoto mia, akapandisha na kushusha mkono wake, nao sauti zao hupanda na kushuka kama maji yanayofuata mfereji. Curwen alikuwa mchungaji wa Wakongregesheni, na misheni ya watu wake, ile ya London, ilifika Ujiji mwaka 1878, ikakaa Urambo pia, hata mwaka 1898 ilipowaachia Wamoraviani. Kwa njia kama hizo solfa ilizunguka Afrika ya Mashariki na Kusini, na mwishowe Wakatoliki nao wakaishika.

Twaipenda solfa kwa moyo. Ni chombo cha maskini: gharama yake ni kipande cha chaki. Lakini ina kasoro. Herufi zile huonyesha vizuri kupanda na kushuka kwa sauti, ila mapigo yanayopishana, mkono wa kulia ukisema hivi na mguu ukisema vile, hayaandikiki upesi kwa nukta na vistari vyake. Kwa hiyo nyimbo zilizoandikwa zilikuwa nyepesi kwa mapigo, na walimu wakaanza kudhani ya kuwa muziki ni ule tu unaoandikika. Na hapa pana kosa jingine. Katika Kiswahili mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika lugha kama Kinyamwezi sauti ya neno lenyewe hupanda na kushuka kwa kanuni. Tenzi zilizofasiriwa na kutiwa katika sauti za Kizungu mara nyingi ziliuvunja mkazo na kanuni ile. Mtoto aliimba maneno ambayo, kama angaliyasema hivyo kwa bibi yake, bibi angaliuliza, Wasemaje?

Vinanda vya kukanyaga kwa miguu tutavipita, kwa maana vilikuwa vichache, na mpigaji alikuwa mmoja na wasikilizaji wengi. Lakini hatuwezi kupita habari ya bendi za shule. Zamani za Wadachi, shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na bendi ya wavulana wenye matarumbeta ya shaba. Katika miji ya pwani watu walizisikia bendi za namna hii na za askari, wakaziiga katika ngoma iitwayo beni, nayo baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikaenea bara, hata Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Asiyekuwa na tarumbeta la shaba alifanya la kibuyu. Wamisionari wengi hawakuipenda beni, tena serikali iliishuku kwa sababu ya vyeo na mashindano yake. Hata hivyo yafaa kutazama yaliyotendeka: shule ilifundisha vijana wachache kusoma noti za bendi, na watu maelfu wasiosoma noti hata moja wakauchukua muziki ule kwa macho na masikio, wakaujaza viitikio vyao wenyewe. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Waliingia tu, wakapiga pamoja.

Kisha ikaja santuri. Mwezi wa Machi 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari kwenda Bombay akaimba katika mashine, na sahani zake zikauzwa pwani yote na bara. Sahani za zama zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulikwisha yapata dakika tatu. Mashine ilitiwa nguvu kwa kuzungushwa mkono. Nguvu ikipungua, mwendo hulegea, na sauti ya mwimbaji hushuka hata mwanamke akawa mwanamume. Waliokuwa wakiimba pamoja nayo walishuka nayo, wakacheka. Santuri ilifanya jambo jipya: kwa mara ya kwanza mtu aliweza kujifunza wimbo kwa mtu asiyemwona, tena asiyemwona yeye. Mwimbaji wa santuri hangoji. Ukichelewa kuitikia amekwisha kwenda.

Katika nchi yetu mambo haya yaliingia kwa wingi pamoja na mgodi wa risasi wa Mpanda na reli ya kutoka Kaliua, iliyofika mwaka 1950. Wafanyakazi walikuja kutoka pande nyingi na ngoma zao, na wenye fedha walileta santuri. Adriano Atiman, mganga na katekista aliyefika Karema mwaka 1889, alikuwa hai bado; alikufa mwaka 1956. Maisha ya mtu mmoja yalianza kazi ya misheni pale sauti ya mwanadamu ilipokuwa chombo pekee, yakaisha redio ikiwa imekwisha kuanza kusema katika nchi hii, maana Sauti ya Dar es Salaam ilianza Julai 1951, ingawa mwanzo ilisikika karibu na mji ule tu.

Redio ndiyo iliyotufikisha penye swali lenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962, Tanganyika ilipokwisha kuwa Jamhuri, Rais Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na vijana, na katika hotuba yake akawauliza waliosoma swali la kuaibisha. Alisema ya kuwa wengi wao wajua dansi za Kizungu na waweza kupiga gitaa au piano. Lakini ni wangapi wajuao gombe sugu au kiduo au lele mama, na ni wangapi wawezao kupiga ngoma? Kumbuka kwamba aliyesema hayo alikuwa mwalimu, tena aliyefundisha Tabora katika shule ya Mapadre Weupe. Mwaka uliofuata, Mtaguso wa Vatikano nao ulifungua mlango, ukisema muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Ngoma ikaingia kanisani. Shuleni ikaingia pia, lakini mara nyingi kwa ajili ya kumpokea mgeni mkubwa. Mgeni akiondoka, ngoma ilirudi stoo.

Sasa tutaje kazi moja iliyofanyika Unguja na Pemba, kwa kuwa twaiona kuwa ni ya akili sana. Tangu mwaka 2006 palikuwa na masomo ya redio kwa watoto wadogo yaliyoitwa Tucheze Tujifunze. Yaliwafaa hasa watoto wasio na shule ya awali, waliokusanyika nyumbani au chini ya mti pamoja na mtu mzima wa mtaa ule. Redio iliwaimbia, ikawaambia wasimame, waruke, wapige makofi, wahesabu. Ikauliza swali. Kisha ikanyamaza. Katika kimya kile, cha sekunde chache tu, watoto walipaza sauti wakajibu. Ndipo redio iliposema jibu, nao wakajua wamepata au wamekosa. Namna hii ya kufundisha ilianza Nicaragua katika miaka ya 1970 kwa somo la hesabu, ikajaribiwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa somo la Kiingereza. Wataalamu waliibuni kwa vitabu na vipimo. Bibi zetu wangaliwaambia ya kuwa waliijua zamani: ni mwimbishaji na waitikiaji. Tofauti ya redio ile na santuri haikuwa katika mashine. Ilikuwa katika kimya kilichoachwa makusudi.

Tangu mwaka 2014 kuna picha za katuni za Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zenye nyimbo za Kiswahili za kufundisha hesabu na mambo mengine. Ni nzuri, na watoto huzipenda. Mtaala wa mwaka 2023 nao umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Basi mwalimu wa leo ana ruhusa, ana nyimbo, na wengi tuna simu. Kilichosalia ni kujua namna ya kuitumia, na hapo sisi wenyewe tulianguka.

Tulinunua spika ndogo ya kuchajiwa kwa jua, tukaweka wimbo mzuri wa watoto wenye vinanda na ngoma nyingi. Darasa letu lina watoto zaidi ya themanini. Tulitazamia shangwe. Badala yake wote walinyamaza, wakaitazama spika kama watu wanaongoja nyoka atoke shimoni. Wa nyuma walisimama juu ya madawati. Wimbo ulipokwisha wakasema, Mwalimu, rudia! Tukarudia mara nne. Mwishowe tuliwaomba waimbe wao, na hakuna aliyeweza mistari miwili. Kipindi kilikuwa kimekwisha. Siku ya pili chaji iliisha katikati ya wimbo, na jambo la ajabu likatokea: watoto wa mbele, walipoona sauti imekatika, waliumalizia mstari wenyewe kwa makofi. Walikuwa wanajua. Mashine ilikuwa imewaziba vinywa.

Tangu siku ile tumefanya kinyume. Watoto hupewa kwanza kitu cha mkononi: vijiti, makopo, chupa zenye kokoto, na jembe kuukuu la kugongwa kwa chuma, kwa maana wamo watoto wa Kisukuma wajuao bugobogobo, ngoma ya kulimia, nao hulipiga jembe vizuri kuliko sisi. Wamo pia watoto wa asili ya Burundi, ambao babu zao walifika Katumba mwaka 1972, nao wana mapigo yao mazito. Simu hupiga mapigo matupu, yasiyo na maneno, nasi sote twayafuata. Katika kazi hii mashine ni bora kuliko mwalimu, hatuoni haya kusema hivyo. Watoto wakiimba peke yao huharakisha, na sauti yao huzama polepole kama mtumbwi uliotoboka. Simu haiharakishi wala haizami, na mtoto aliyekimbia husikia mwenyewe ya kuwa amekimbia. Wakiisha kushika mwendo, twaizima, nao huendelea. Baada ya muda twaiwasha tena kuona kama wangali pamoja nayo. Mchezo huu huwafurahisha kupita kiasi. Wakikuta wako sawa, hupiga kelele hata mwalimu wa darasa la pili hutuma mtoto kutuonya.

Lakini mapigo ya simu ni ya mtu wa mbali, na tulitaka nyimbo za hapa. Tulimwendea mama mmoja Mbende, mzee sana, asifiwaye kwa nyimbo za kutwanga. Tulimwekea simu mbele yake, tukamwomba aimbe. Akaitazama, akatutazama. Akauliza, Nani ataitikia? Tukamwambia, Mama, imba tu, simu itashika. Akasema hawezi, wimbo usiojibiwa ni kilio. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, tukawaza habari hiyo siku nyingi.

Juma lililofuata tulimleta shuleni na kinu chake. Alifundisha kiitikio kwa watoto mara tatu, akaanza, wakamjibu, na simu ikanasa vyote. Ikawa nzuri. Lakini tulikuwa na haja ya pili, ya watoto wa miaka ijayo ambao hawatamwona. Tukamweleza habari ya redio ya Unguja, namna ilivyonyamaza ili mtoto ajibu. Alicheka. Kisha akatuambia tuwanyamazishe watoto, akaimba tena tangu mwanzo, peke yake. Na kila penye kiitikio alifumba midomo, akaupiga mchi kinuni mara nne, akasikiliza, kana kwamba wanajibu, ndipo akaendelea.

Sauti ile tunayo. Kila twaichezapo, mchi hupiga mara nne katika kimya, na watoto, ambao wengi wao si Wabende wala hawajui Kibende, huingia wote kwa pamoja.